Siku Niliyochezea Fedha

Tuelewane mapema. Fedha ninayoisema hapa ni ile ya kwenye jedwali la elementi, namba 47, alama yake Ag. Ile nyingine, ya kulipia daladala, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa hana. Kiswahili kimezipa zote mbili jina moja, na jina hilo lilinifuata kutoka maabara ya Dar es Salaam hadi barazani kwa watu Bagamoyo.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, praktiko ya kemia isokaboni. Kazi: kupima kloraidi, ile sehemu ya chumvi ya mezani, iliyomo kwenye maji kwa taitresheni ya naitreti ya fedha, yaani kuidondosha kidogo kidogo mpaka rangi ibadilike. Meza za mbele zilipewa maji ya bomba na ya kisima, pamoja na myeyusho hafifu wa fedha wa molari 0.0141 (molari ni kipimo cha ukali wa myeyusho, moli kwa lita). Namba hiyo inaonekana ya ajabu, lakini imechaguliwa kwa akili: mililita 1 yake hushika nusu miligramu ya kloraidi, kwa hiyo hesabu unaifanya kichwani. Meza yetu ilipewa maji ya bahari yaliyochotwa Kunduchi asubuhi ile, na fedha kali zaidi, molari 0.1. Chupa moja ya kahawia ya lita 1, makundi sita.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na kurasa mbili, mbele na nyuma. Mimi na mwenzangu wa mezani, kwa kubana matumizi, tulitoa fotokopi upande mmoja.

Njia yenyewe ni kongwe. Mjerumani Karl Friedrich Mohr aliitangaza mwaka 1856, na mpaka leo haijapata mpinzani kwa urahisi. Unatia sampuli kwenye flaski ya koniko, unaongeza mililita 1 ya kromati ya potasiamu ya asilimia 5, ambayo ndiyo kiashiria, maji yanakuwa ya njano kama yaliyotiwa bizari. Kisha unadondosha naitreti ya fedha kutoka kwenye bureti, lile bomba refu la kioo lenye vipimo na koki chini, huku ukitikisa. Fedha ikikutana na kloraidi, inatuama: mashapo meupe, mazito, yenye mabonge kama mtindi. Kloraidi ikiisha, tone linalofuata la fedha linakosa mwenyeji, linaangukia kwa kromati, na hapo unauona wekundu wa tofali. Unasoma bureti, unapiga hesabu, unaenda zako.

Mwalimu msaidizi alikuwa na swali lake la kutegea watu mlangoni, na namshukuru kwa sababu ni kitu pekee nilichokipata siku ile. Kloraidi ya fedha ina Ksp, ile namba inayoonyesha chumvi inavyomumunyika kwa shida au kwa wepesi, ya 1.8 × 10⁻¹⁰. Kromati ya fedha ina Ksp ya 1.1 × 10⁻¹², ndogo mara mia na sitini hivi. Sasa mbona kloraidi ndiyo inayotangulia kutuama? Nusu ya darasa ilikaa kimya, nusu nyingine ikatazama viatu. Jibu ni kwamba namba hizo hazilinganishwi hivi hivi, kama usivyoweza kulinganisha bei ya mkungu wa ndizi na bei ya kichana. Kloraidi moja hushika fedha moja. Kromati moja hushika fedha mbili. Ukizirudisha zote kwenye moli kwa lita, utakuta kloraidi ya fedha humumunyika 0.000013 na kromati ya fedha 0.000065. Hii ya pili humumunyika mara tano zaidi, ndiyo maana inasubiri zamu yake. Na kwa kile kiasi kidogo cha kiashiria tunachotia, wekundu huja punde tu baada ya kloraidi kuisha.

Nikaingia maabara najiona Mohr mwenyewe.

Kosa la kwanza lilinichukua dakika mbili. Bureti niliisuuza kwa maji ya bomba, nikamimina fedha kidogo juu yake, na humo ndani kukawa maziwa. Mwenzangu akasogea, akaitazama, akasema, "Umeweka nini humu, uji?" Maji ya bomba yana kloraidi, na kloraidi haijui kwamba taitresheni bado haijaanza. Bureti ya kazi hii husuuzwa mara mbili kwa maji yaliyokenekwa, halafu kwa mililita 5 hivi za myeyusho wa fedha wenyewe, mara mbili, ukizipitisha mpaka kwenye ncha. Ndipo unaijaza, unafungulia koki kwa nguvu mara moja ili kiputo cha hewa kilichojificha chini ya koki kitoke, na unaondoa faneli. Faneli ukiisahau juu, matone yake huanguka katikati ya kazi na kukuongezea usichokipima. Hayo yote yameandikwa ukurasa wa mbele. Sisi tuliusoma baadaye.

Tukaanza upya. Nikapima mililita 25 za maji ya bahari kwa pipeti, nikaongeza maji yaliyokenekwa mpaka kama 100 ili rangi ionekane vizuri, nikatia kromati. Kuhusu pH sikuwa na wasiwasi: njia hii inataka kati ya 6.5 na 10. Chini ya hapo kromati hugeuka daikromati ya rangi ya chungwa na wekundu unachelewa. Juu ya hapo fedha hutuama yenyewe kama oksaidi ya kahawia na kukuharibia mahesabu. Maji ya bahari yana pH ya 8 na ushee. Bahari imejipanga yenyewe.

Nikafungua koki.

Mililita 10. Nyeupe. Kila tone likianguka linatoa doa jekundu, ukitikisa linapotea. Mililita 20, mashapo yanaongezeka. Mililita 30, flaski imeanza kufanana na glasi ya mtindi uliokorogwa na manjano. Mililita 50, bureti imeisha. Hakuna wekundu.

Mtu mwenye akili hapo angesimama. Sisi tukajaza tena.

Hapa nieleze jinsi nilivyojaza, maana kisa chote kimelala hapa. Bureti ilikuwa imefungwa kwenye stendi juu ya meza ndefu, na mdomo wake ulikuwa juu ya kichwa changu. Inavyotakiwa ni kulegeza kibanio, kuishusha hadi mdomo uwe chini ya macho, ndipo umimine. Mimi nilisimama kwa vidole vya miguu, nikanyoosha mkono, nikamimina kwa kubahatisha. Ikafurika. Myeyusho ukateremka kwenye vidole, ukaingia kwenye kiganja, ukafika hadi kwenye kifundo cha mkono. Glovu zilikuwepo, boksi zima, hatua mbili kutoka nilipo. Lakini ilikuwa Februari Dar es Salaam, feni mbili, moja inazunguka kwa hiari yake, na glovu katika hali ile ni kama kuvaa sweta. Naitreti ya fedha haina rangi wala harufu. Inaonekana maji matupu. Nikajifuta kwenye koti, nikaendelea.

Na kuna miwani ya usalama. Kwa jasho lile ilikuwa inapata ukungu kila dakika tatu. Nikitaka kusoma bureti naisukuma juu kwa kidole cha kati na cha shahada, nikigusa katikati ya paji la uso, nikimaliza naishusha. Juu, chini, juu, chini. Vidole ni vilevile vibichi. Ningeteleza sentimita tatu tu kuelekea chini, habari hii isingekuwa kichekesho: jichoni naitreti ya fedha huunguza, na kidonda chake hakichekwi.

Bureti ya pili ikaisha. Mililita 100, hakuna wekundu. Mwenzangu akatoa wazo: "Labda kiashiria kimekufa." Akaongeza kromati, pipeti nzima ya kudondoshea, halafu nyingine. Usifanye hivyo. Kiashiria kikizidi, mambo mawili hutokea: wekundu hutangulia kabla kloraidi haijaisha, na njano inakuwa nzito kiasi kwamba hata ukija huuoni. Mohr hakusema mililita 1 kwa uchoyo.

Bureti ya tatu. Flaski ya mililita 250 sasa ilikuwa imejaa hadi shingoni, haitikisiki tena, unaiyumbisha kama mtu anayebembeleza mtoto mwenye kuhara. Makundi mengine yalikuwa yameanza kutugeukia. Katika mililita 139 na kitu, flaski ikabadilika, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Tukapiga kelele kama tumefunga goli. Nikaandika 139.6. Kwenye jedwali la ripoti nafasi ya kuandika ilikuwa ya tarakimu mbili kabla ya nukta, nikabana ile moja pembeni.

Kisha, kwa sababu karatasi ilisema majaribio yarudiwe mpaka yakubaliane ndani ya mililita 0.10, tukaanza duru ya pili.

Tulikuwa tumefika 90 wakati kundi la mwisho mezani lilipoinua ile chupa ya kahawia, likaitikisa, likaiinamisha, halafu likamtazama mzee wa maabara. Mzee wa maabara ni mtu mpole. Hasemi kwa sauti ila kwa mambo mawili, moto na fedha. Akaja taratibu, akaitazama flaski yetu iliyojaa mtindi, akaitazama namba niliyoandika, akauliza:

"Nani hapa anachezea fedha?"

Mwenzangu, kwa heshima zote, akanionyesha kwa kidole.

"Mmezimua?"

"Tumezimua nini, Mzee?"

Akachukua karatasi yetu, akaigeuza. Nyuma kulikuwa kweupe pe. Akachukua ya jirani, akaigeuza, akaniwekea mbele ya pua. Mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa wa pili, kwa wino uliokolezwa: *Maji ya bahari yazimuliwe mara 10 kabla ya kupimwa.* Najua wapo ambao wakisikia neno kuzimua wanawaza shughuli ya Jumapili asubuhi. Hapa maana yake ni hii: unapima mililita 25 za maji ya bahari kwa pipeti, unazitia kwenye flaski ya ujazo ya mililita 250, unajaza maji yaliyokenekwa hadi kwenye mstari, unapindua juu chini mara ishirini, ndipo unachukua mililita 25 za mchanganyiko huo. Basi. Ungetumia mililita 14 za fedha, bureti moja ingetosha majaribio matatu.

Hesabu mtu angeweza kuifanya kabla hajagusa koki. Maji ya bahari ya kawaida yana kloraidi gramu 19 na ushee kwa kila kilo, yaani kama moli 0.56 kwa lita. Mililita 25 zina milimoli 14. Fedha ya molari 0.1 ina milimoli 0.1 katika kila mililita. Kumi na nne gawanya kwa sifuri nukta moja. Mia na arobaini. Jibu letu la 139.6 lilikuwa karibu na ukweli kwa namna ya kutia aibu, na kromati yetu iliyozidi haikuwa imeliharibu sana kwa vile flaski yenyewe ilishakuwa bwawa. Kazi hiihii ya kupima chumvi ya bahari kwa fedha ndiyo wanabahari waliyoitumia kwa miongo mingi. Martin Knudsen wa Denmark ndiye aliyewatengenezea majedwali mwanzoni mwa karne ya 20, na kanuni yake ya mwaka 1902 ya kutoka kloraidi hadi chumvi yote, zidisha kwa 1.805 ongeza 0.030, nilikuja kuikuta baadaye. Nina hakika yeye alisoma kurasa zote mbili.

Mzee wa maabara naye akapiga hesabu yake, kwa kidole hewani. Mia na arobaini za duru ya kwanza, tisini za duru ya pili, ile bureti ya uji, na za kusuuzia: karibu robo lita. Lita moja ya molari 0.1 hutengenezwa kwa gramu 16.99 za naitreti ya fedha, kwa hiyo tulikuwa tumekunywa gramu 4.25 peke yetu, na ndani yake gramu 2.7 za fedha halisi.

"Hiyo ni pete," akasema. "Mmetupa pete kwenye mtindi. Kesho saa mbili asubuhi uje uitoe."

Nikanawa mikono kwa sabuni, mikono ikawa safi kabisa, nikaenda bwenini.

Asubuhi nilipoamka nilidhani umeme umekatika, kumbe ni vidole vyangu. Vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi kuanzia kucha hadi fundo la pili, na mstari mweusi ulishuka kwenye kiganja hadi kwenye kifundo, njia ileile aliyopita mkorofi wakati wa kujaza bureti. Nimesema ilionekana maji matupu, ndivyo inavyofanya. Ayoni za fedha hushikamana na protini za ngozi, halafu mwanga ukizigonga hugeuka chembe za fedha yenyewe, ndogo mno kiasi kwamba hazing'ai, zinaonekana nyeusi. Inachukua saa kadhaa. Ile sabuni ya jioni ilikuwa imechelewa. Dawa ni maji mengi papo hapo, sekunde ileile, na kama maabara ina thayosulfeti ya sodiamu, ile waliyokuwa wakisafishia picha zamani, myeyusho wake mwepesi unaweza kuitoa fedha kabla haijaona mwanga. Ikishakuwa nyeusi, unangoja ngozi ijibadilishe yenyewe.

Mimi sikungoja. Nilitumia limau, nikatumia chumvi, nikatumia jiwe la kusugulia visigino, nikamalizia na stiliwaya ya sufuria. Vidole vikawa vyeusi na vidonda. Ukiongeza limau juu ya vidonda utajifunza asidi kwa njia ambayo hakuna mhadhara utakaokufundisha.

Kioo bwenini hatuna. Kwa hiyo la usoni sikulijua.

Kwenye daladala konda alipokea nauli, akashika mkono wangu, akaugeuza. "Braza, uchaguzi si bado? Umepiga kura na vidole vitatu?" Gari zima likacheka. Na hakukosea sana: wino wa uchaguzi usiofutika hutiwa naitreti ya fedha hiihii, na India wameutumia tangu uchaguzi wao wa mwaka 1962. Nilitaka kumweleza. Nikaona kituo kimefika.

Mzee wa maabara aliponiona alisimama, akanitazama usoni kwa muda mrefu kuliko kawaida, akatabasamu, akainama kutafuta zinki. Hakusema kitu. Mpaka leo simsamehi.

Kutoa fedha kwenye mtindi ni kazi nzuri, na kama maabara yenu inamwaga mashapo haya kwenye sinki, mnamwaga mshahara wa mtu. Mashapo yetu usiku ule yalishageuka zambarau ya kijivu kwa sababu ya mwanga. Kwanza nikatia asidi ya naitriki hafifu: wekundu wa kromati ya fedha ukayeyuka na maji yakawa ya chungwa. Nikaongeza chumvi ya mezani kidogo ili fedha iliyorudi majini ituame tena kama kloraidi. Nikaacha itulie, nikamimina maji ya juu kwenye chupa yake maalumu, sio kwenye sinki, kwa sababu kromiamu ya aina ile husababisha saratani na lazima kwanza igeuzwe kuwa ile ya kijani isiyo na makali hayo. Nikasuuza mashapo mara nne hadi maji yakatoka meupe.

Kisha zinki ya unga. Kloraidi mbili za fedha zinahitaji zinki moja, kwa hiyo kwa fedha yetu gramu 0.82 zingetosha, tukatia 2 ili kazi isisimame njiani. Juu yake asidi ya salfuriki ya molari 2, kidogo kidogo, karibu na dirisha, mbali na moto, kwa maana haidrojeni inatoka. Unakoroga kwa kijiti cha kioo. Zambarau inakufa, kijivu kinakuja, na chini ya bika unabaki na kitu kama tope la mfereji. Hiyo ndiyo fedha. Zinki iliyobaki unaimalizia kwa asidi zaidi hadi mapovu yaishe, unasuuza, halafu unachukua tone la maji ya suuza na kulijaribu kama bado lina kloraidi. Unajaribu kwa nini? Kwa naitreti ya fedha. Mzee alinipa tone moja, akahesabu kwa sauti: "Moja."

Tukakausha, tukapima. Gramu 2.3.

"Nyingine iko wapi?" nikauliza.

Akanitazama tena usoni. "Umeivaa," akasema.

Jumamosi tulikwenda Bagamoyo kupeleka posa ya binamu yangu. Mshenga mbele, wazee nyuma, mimi nimebeba sinia lenye barua na kitambaa, kwa sababu mimi ndiye msomi na sinia hupewa msomi. Nimevaa kanzu nyeupe na kofia ya kito. Safari nzima binamu alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni, nami nikadhani ni hofu ya bwana harusi.

Tukakaribishwa barazani. Sinia likapokewa na mama mmoja, macho yake yakashuka kwenye vidole vyangu, yakaganda.

"Makubwa! Mwanamume kapakwa piko!" Wa ndani wakachungulia. "Na aliyempaka naye hajui, kavuka kucha kafika mkononi. Hebu njoo kesho nikufanyie ya maua."

Nikazificha mikono kwenye mikono ya kanzu. Bahati nzuri baba mwenye nyumba, mzee wa ndevu nyeupe aliyekaa kwenye kiti cha kamba, hakuwa anaitazama mikono yangu. Alikuwa anatazama juu zaidi. Akanyoosha shingo. Akavaa miwani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sogea." Nikasogea. "Mashaallah. Kijana mdogo hivi, na sijida imekolea namna hii! Siku hizi vijana wenye sijida unawahesabu."

Mkono wangu ukapanda wenyewe kwenye paji la uso. Ndipo niliposikia binamu anakohoa ile kohoa ya mtu anayezuia kicheko kwa meno. Ndipo pia nilipoikumbuka miwani ya usalama: juu, chini, juu, chini, vidole viwili vibichi, katikati ya paji, pale pale ambapo mtu wa kusujudu miaka arobaini huota alama. Doa la duara, jeusi, limetulia. Mtu aliyenijua mimi na alfajiri tunavyokwepana angezimia.

Nilitaka kusema kweli, wallahi. Lakini ukweli ungeanza na Mjerumani wa mwaka 1856, na mshenga alikuwa ameshanikanyaga mguu.

"Basi," mzee akawaambia wageni, "mambo ya heri huanzwa na watu wa heri. Kijana huyu atufungulie kwa dua."

Nikasoma Fatiha. Hiyo ninayo. Nikaongeza Rabbana atina fid-dunya hasana, hiyo pia ninayo. Baada ya hapo hazina ikawa inakauka na wazee bado wamefumba macho, mikono juu, wanangoja. Nikairudia Fatiha polepole zaidi, kwa hisia. Sauti ilitetemeka kwa woga. Nasikia mzee alilia. Posa ilikubaliwa kabla chai haijapoa, na mshenga njia nzima ya kurudi alikuwa akinihesabia wachumba wa jamaa zake wengine wanaongoja kupelekewa barua.

Ngozi ina ratiba yake. Siku ya tano doa likawa la kahawia, siku ya tisa likaanza kumeguka kwa kingo kama rangi ya ukuta wa pwani, wiki ya pili likaisha. Vidole navyo. Wiki ya tatu tukarudi Bagamoyo kupeleka mahari.

Mzee alinipokea kwa mikono miwili. Akanisogeza mwangani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Paji langu lilikuwa safi kama sahani. Uso wake ukaingia kivuli, akanivuta pembeni, nyuma ya mlango, na binamu akatufuata kwa hofu ya ndoa yake.

"Mwanangu," mzee akaninong'oneza, "swala umeacha lini?"

Nikafungua kinywa. Binamu, ambaye nilikuwa nimemsimulia kisa chote na yeye alikielewa nusu, akawahi:

"Baba, usimlaumu. Kule chuoni fedha ilimwishia."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa kanzu, akatoa noti ya elfu kumi, akanikunjia vidole juu yake.

"Hata ikiisha, mwanangu, mtu haachi kuswali. Haya, anza upya."

Nikaipokea kwa mikono miwili, safi kabisa.